Kamati ya Kusoma Togo

Mama Leah wa Mungaa, Singida, hakuwa mtu wa vitabu, na hakuwahi kumdanganya mtu kwamba ni mtu wa vitabu. Jina lake la ubatizo ni Elina. Alikuwa mjane, mfugaji wa kuku wa kienyeji na mkulima wa alizeti, mwanamke mrefu wa sauti nzito, ambaye maisha yake yote alisoma Biblia, kitabu cha nyimbo na maelezo ya kwenye chupa ya chanjo ya mdondo, basi. Na kwa elimu hiyo kuku wake walipona, alizeti yake ilitoa mafuta, na kwaya ya akina mama haikuthubutu kuanza wimbo kabla yeye hajakohoa.

Vitabu vilimvamia akiwa mtu mzima, na kilicholeta balaa hilo ni safari. Binti yake, Leah, alikwenda China kusomea uhandisi wa maji, akaolewa huko huko na kijana waliyekaa naye dawati moja, Komlan, mtu wa Togo. Posa ililetwa kwa simu. Wazee wa ukoo waliipokea kwa kunung'unika, wakisema hawajawahi kuona posa inayokatika mtandao katikati ya salamu, lakini waliipokea. Masomo yalipokwisha, Leah na mumewe wakahamia Lome, mji mkuu wa huko Togo. Sasa alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia, naye alitaka kulelewa uzazi na mama yake mzazi. Tiketi ya ndege Komlan alikuwa ameshaikata.

Habari zilipoenea, Mungaa nzima ikagundua kwamba haiijui Togo. Vijana walimjua mchezaji mmoja wa mpira wa huko, wakaishia hapo. Wengine walisema ni mji wa Kongo. Muuza duka alisema ni nchi ya visiwa, na alipoulizwa amejuaje, akasema jina lenyewe linaonyesha.

Ndipo Mwalimu Yeremia alipojitokeza. Huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu safi, mwenye kalamu mbili mfukoni hata siku ya kupiga dawa mifugo. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda Nzega kwenye semina, na habari za Nzega bado alikuwa hajazimaliza. "Mama Leah," alisema mbele ya watu baada ya ibada, "mtu haendi nchi asiyoijua bila kuisoma kwanza. Utatuaibisha. Hapa panahitajika kamati."

Na kwetu jambo likishapewa kamati, mwenye jambo huwa hana lake tena. Siku hiyo hiyo ikaundwa Kamati ya Kusoma Togo. Mwenyekiti, Mwalimu Yeremia. Katibu, Janeth, afisa maendeleo ya jamii wa kata, binti mchapakazi ambaye hata msibani hukaa akiandika muhtasari. Mchungaji Gasto aliingizwa kwa ajili ya kufungua na kufunga kwa sala. Emiliana, jirani na rafiki wa Elina tangu usichana, akawekwa awe mwakilishi wa wanawake. Waliobaki walikuwa wajumbe, na kazi ya mjumbe inajulikana. Elina mwenyewe aliandikwa kwenye muhtasari kuwa mwalikwa, ingawa vikao vilifanyika sebuleni kwake na kitoweo kilitoka bandani kwake.

Kazi ya kamati ilikuwa kumchagulia vitabu vya kusoma kabla hajapanda ndege. Hakuna aliyemuuliza anataka kujua nini.

Naye alikuwa na jambo moja tu alilotaka kujua, na hakuweza kulitamka mbele ya wanaume.

Elina alizaliwa katika nyumba ambayo mkwe aliheshimiwa kwa kukimbiwa. Alipokuwa mtoto, alimwona baba yake, mtu mkali aliyeogopwa na ng'ombe na watu, akiacha njia na kuingia kwenye nyasi, akageuza mgongo na kusimama hivyo mpaka mama mkwe wake apite na mtungi wake wa maji. Hawakupeana mikono. Hawakula pamoja. Hawakutazamana usoni, na kulala chini ya paa moja kulikuwa jambo ambalo hata watani hawakulifanyia mzaha. Mambo hayo siku hizi yamekwisha, Elina alilijua hilo. Vijana wanapiga picha na wakwe zao wameshikana mabega. Lakini mwilini mwake yalikuwa hayajaisha. Leah alipopiga simu ya video na uso wa Komlan ukatokea ghafla ukisema "Hujambo mama!", Elina aliitupia simu upande wa kanga, upesi kabisa, akajibu salamu kutoka mbali huku akiangalia ukuta. Alifanya hivyo tangu siku ya kwanza. Huyo mkwe wake alikuwa hajawahi kumwona. Alichokiona yeye ni kitambaa chenye maua.

Na sasa alikuwa anakwenda kukaa kwake. "Nyumba ni ndogo mama, lakini nzuri," Leah alikuwa amemwambia. "Vyumba viwili na choo kimoja."

Choo kimoja! Elina aliirudia habari hiyo peke yake akichambua alizeti, na kila mara uso ulimwaka moto. Je, huko Togo mama mkwe hulala wapi? Mkwe akimpa mkono, aupokee? Asipoupokea, je, mama yake Komlan na ndugu zake hawatasema Leah ametoka porini, kwa watu wasiojua hata kusalimiana? Binti yake alikuwa peke yake kule, hana shangazi wala dada. Jina zuri alilokuwa nalo ndilo lililokuwa ukoo wake, na Elina aliogopa kulivunja siku ya kwanza tu, uwanja wa ndege. Aliwahi kujaribu kumuuliza Leah kwa kuzunguka. Leah alicheka mpaka akakohoa. "Mama! Mambo ya zamani hayo! Wewe njoo tu." Mtoto uliyemsomesha bweni tangu darasa la tano utamweleza nini.

Basi akaliweka tumaini lake kwenye vitabu. Kama watu wasomi wameandika habari za dunia nzima, alifikiri, hawawezi kukosa kuandika habari za mkwe.

Kikao cha kwanza kilichinjiwa jogoo mwekundu. Mwalimu Yeremia alileta kitabu cha jiografia alichofundishia enzi zake, akakifungua kwa heshima zote mbele ya kamati. Mchwa walikuwa wameshapita. Walikula Afrika Magharibi kuanzia Senegal hadi Nijeria na kuacha bahari. "Hata hivyo," Mwalimu alisema bila kutetereka, akiweka kidole kwenye tundu, "Togo iko hapa." Wajumbe walisogea, wakalitazama tundu, wakatikisa kichwa kwa kuridhika. Janeth akaandika kwamba eneo la nchi limebainishwa.

Kikao cha pili kililiwa kwa tetea wawili. Mchungaji Gasto alileta kitabu cha maisha ya mmisionari aliyekwenda pwani ya Afrika Magharibi akiwa na umri mdogo. Elina alikisoma kwa bidii, akamkuta huyo mmisionari akipanda meli, akiugua, na kufa kwa homa kabla hajashuka, kisha kurasa zote zilizobaki zilihusu jinsi mama yake alivyopokea habari hizo huko Ulaya. Mjumbe mmoja aliyewahi kuwa askari alileta kitabu cha mapinduzi ya kijeshi ya Afrika nzima. Humo kila nchi ilikuwa na rais aliyeamka asubuhi na kukuta vifaru mlangoni. Elina alitafuta mke wa yeyote kati ya hao marais, au mama mkwe, hakumwona. Watu wote wa kitabu kile walikuwa wanaume na walikuwa wamevaa buti.

Janeth, kwa kuwa ni kijana wa mitandao, alikwenda Singida mjini akachapa kutoka mtandaoni kitabu cha kuongoza watalii kilichoandikwa na mzungu aliyezunguka Togo kwa baiskeli. Alikitafsiri kwa sauti kikaoni. Usinywe maji ya bomba. Usipige picha madaraja. Jihadhari na vibaka sokoni. Wenyeji ni wakarimu na wanatabasamu sana.

"Wanatabasamu kwa nani?" Elina aliuliza. Lilikuwa swali lake la kwanza tangu kamati iundwe.

"Kwa wote, mama," Janeth akasema, akageuza ukurasa. "Hapa kuna habari za viboko."

Vitabu viliongezeka na banda likapungua. Mjumbe mmoja alileta kitabu cha jinsi ya kuwa tajiri, kwa sababu, alisema, hakina mpaka wa nchi. Mwingine akaleta Katiba. Kufikia wiki ya mwisho Mwalimu Yeremia alikuwa anatoa mihadhara juu ya Togo nje ya duka kila jioni, kwa sauti ya mtu aliyekulia huko, na watu wa Togo alikuwa akiwaita "wale jamaa". Elina alikuwa amesoma kila kitu alichopewa. Alijua madini ya nchi, tarehe za mapinduzi na kina cha bandari. Kama mtu angemuuliza mkwe akikupa mkono ufanye nini, asingekuwa na jibu. Usiku, wakati wengine wakiifurahia safari yake, yeye alikesha na wasiwasi, na alianza kuichukia tiketi ile.

Emiliana ndiye aliyemwokoa, au ndivyo walivyodhani. Huyu alimjua rafiki yake bila kuambiwa. Siku moja alikuja kutoka mnada wa Ikungi akiwa na kitabu alichokiokoa kwa muuza vitunguu aliyekuwa akikichana kufungia vitunguu. Kilikuwa hadithi ya mapenzi, hakina jalada wala kurasa za mwanzo, na alikisoma chote njiani juu ya bodaboda.

"Mwenzangu, acha hiyo Katiba," alisema akiketi. "Humu kuna wakwe."

Kweli walikuwamo. Katika kitabu kile watu walipika, waligombana, walizaa, walikopeshana vyombo. Na katikati, mama mmoja anayeitwa Karmela anasafiri kwenda kumlea binti yake aliyejifungua, na mkwe anampokea stesheni. *Akamkumbatia mkwe wake kwa nguvu, akambusu shavu la kulia na la kushoto, na watu wote wakaona kwamba ni mama mwenye upendo.*

Elina alisoma sentensi hiyo, akakiweka kitabu chini kama mtu aliyegusa kaa la moto. "Ni Togo hii?"

"Sasa itakuwa wapi? Si walitawaliwa na Wafaransa? Ndio majina yao haya, Karmela, Rodrigo. Na joto limetajwa, na minazi imetajwa."

"Mashavu yote mawili?"

"Yote mawili, mama."

Elina alilia. Sioni haja ya kumfichia. Alilia kwa sababu alimkumbuka baba yake kwenye nyasi, na kwa sababu alijua atalifanya. Kama huko ndiko kumheshimu mkwe, basi kwa ajili ya Leah atamkumbatia huyo kijana hata akizimia. Wakafunga mlango, Emiliana akavaa koti la marehemu mume wa Elina, akasimama karibu na kabati akijifanya Komlan. Mara ya kwanza Elina alifika hatua moja mbele yake akageuka nyuma. Mara ya pili aliligeuzia koti mgongo. Emiliana alifoka: "Karmela hakufanya hivyo!" Walifanya mazoezi kila siku kuku wakienda kulala, mpaka Elina akaweza kulikumbatia lile koti bila kufumba macho, kisha akaenda kando kuomba msamaha kwa wazazi wake walioko kaburini.

Siku ya kuagwa, kamati ilimkabidhi vitabu vyote vikiwa vimefungwa kwa kamba ya katani, na Mwalimu Yeremia akahutubia. Elina akapanda basi mpaka Dodoma, akapanda treni ya umeme mpaka Dar es Salaam, ambako mpwa wake Enock alimpeleka uwanja wa ndege. Pale kwenye mzani mambo yakaharibika. Begi lilikuwa zito kupita kiasi. Mhudumu, kwa upole, akasema kitu lazima kipungue.

Elina alifungua begi sakafuni, akatazama. Upande mmoja unga wa uwele, mlenda mkavu, asali ya Itigi na mafuta ya alizeti kwa ajili ya mzazi. Upande wa pili, kazi yote ya kamati. Hakufikiri muda mrefu. Enock alirudi nyumbani Mbagala akiwa amebeba jiografia, mapinduzi, mmisionari, Katiba na utajiri, na nasikia mpaka leo vinategemeza kitanda. Kitabu cha Karmela kilibaki kwenye mkoba wa mkononi.

Kwenye ndege, na pale Addis Ababa alipobadilisha nyingine, alisoma ukurasa ule ule. Alipofika Lome ilikuwa mchana, joto la kunata. Milango ya kioo ikafunguka. Mbele ya watu wanaopokea wageni alisimama kijana mrefu, mwenye miwani na kanzu fupi nyeupe iliyonyooshwa vizuri, ameshika kibao: KARIBU MAMA LEAH.

Elina alinong'ona, "Baba, nisamehe," akaacha kigari cha mizigo, akafungua mikono miwili na kumwendea.

Yule kijana alimwona. Macho yakamtoka. Akatupa kibao, akageuka, akakimbia.

Alikimbia kweli, si kwa mchezo, akapita mwanamke aliyebeba maua, akafika kwenye nguzo ya saruji, akajificha nyuma yake, akachuchumaa na kujifunika kichwa kwa kanzu. Mlinzi mmoja akaanza kumfuata. Watu wakacheka. Elina alibaki amesimama katikati ya uwanja wa ndege wa nchi ya watu, mikono imefunguka, hana wa kumkumbatia.

Alitamani ardhi ipasuke. Ameshaharibu, alijiambia, hajafika hata nyumbani, ameshamharibia mtoto wake. Mikono aliishusha polepole, kama vile alikuwa ananyoosha mgongo.

Ndipo sauti ikatoka nyuma ya nguzo, Kiswahili cha kufundishwa na mke, kila neno limesimama peke yake. "Shikamoo, mama. Mimi sikuoni. Mimi sijakuona hata kidogo. Teksi iko kushoto. Nimelipa."

"Marahaba, baba," Elina akajibu, kwa mazoea tu, kwa sababu shikamoo haiachwi bila kujibiwa hata na mtu aliyechanganyikiwa.

Alipelekwa na teksi peke yake. Nyuma yao, mbali kidogo, ilifuata pikipiki, na abiria wake alikuwa amekaa akitazama pembeni njia nzima. Nyumbani Leah alikuwa kitandani na mtoto wa kike wa siku chache. Mama na binti walikumbatiana, walilia, wakamkagua mtoto vidole, na hapo tu ndipo Elina alipoona kwamba sebule imegawanywa kwa pazia zito kutoka dari hadi sakafu.

"Leah, mumeo amenikimbia," alisema. "Nimemkosea nini?"

Leah alishika kichwa. "Nilimwambia asisome! Mama, tangu ijulikane kwamba unakuja, huyu mtu ni kusoma tu."

Kumbe na huku kulikuwa na kamati, ila ilikuwa ya mtu mmoja. Komlan, baada ya kusalimiana na kitambaa chenye maua kwa muda mrefu namna ile, aliamini kabisa kwamba mama mkwe wake hampendi. Leah alimwambia si hivyo, mama ana aibu tu, lakini mhandisi hatosheki na jibu la namna hiyo. Akaanza kutafuta vitabu juu ya Singida. Alikuta vya simba na mlima Kilimanjaro, akavisoma, havikumsaidia. Alikuta kimoja cha uchumi wa alizeti. Mwishowe, huko kwenye mtandao, akapata kitabu cha Mjerumani fulani aliyepita Singida zamani za ukoloni, akaandika kila alichokiona na vingi ambavyo hakuviona. Komlan alikitafsiri kwa simu, ukurasa kwa ukurasa. Na humo, katikati ya upuuzi mwingi kuhusu ukubwa wa vichwa vya watu, ilikuwamo njia ya kwenda kuteka maji, na mtu mzima anayeiacha njia, anaingia kwenye nyasi na kumpa mgongo mama mkwe wake.

"Alifurahi, mama, hukuona. Aliamka akaja kuniambia: hanichukii! Ananiheshimu! Sasa pale uwanjani hakuna nyasi. Alikwenda juzi kukagua, akachagua ile nguzo." Leah akapangusa macho. "Na usiku atalala kwa rafiki yake. Choo amekodi cha jirani, cha kwako ni hiki."

Elina alikaa chini. Akakitoa kitabu cha Karmela kwenye mkoba, akampa binti yake, kidole kikiwa kwenye ukurasa. Leah alisoma, akasoma tena, akapekua nyuma na mbele.

"Mama, hii ni Ufilipino."

"Togo."

"Ufilipino, mama. Wametaja Manila kila mahali. Hapa tena, Manila."

"Tulidhani ni mtaa," Elina akasema.

Mlango wa nje ukalia kidogo, hatua zikaingia upande wa pili wa pazia, kiti kikasogezwa. Halafu kitu kirefu kikapitishwa chini ya pazia, kimefungwa karatasi ya zawadi yenye riboni. Elina alikifungua. Lilikuwa jembe jipya.

Jembe! Alikuwa amelisahau kabisa. Ni bibi yake aliyewahi kulisimulia, kwamba zamani za zamani mkwe akileta jembe, na mama mkwe akilipokea, nyuso hufunguliwa na watu huishi. Baba yake mwenyewe hakuwahi kulileta. Ilikuwa miaka ya njaa. Alikufa akiwa bado anaingia kwenye nyasi. Na huyu, mtoto wa watu asiyejua hata Ikungi iko upande gani, amelisoma kwa yule Mjerumani, akalitafuta mji mzima.

"Mama," sauti ikasema nyuma ya pazia, "mimi nilifikiri unanichukia."

Elina alitaka kujibu, mtoto akaanza kulia. Akamchukua mikononi kwa Leah, akasimama na jembe mkono mmoja na mjukuu mkono wa pili, na kwa kuwa mikono yote ilikuwa na kazi, alilisukuma pazia kwa bega. Komlan alikuwa amekaa amewapa mgongo, amefumba macho kwa nguvu.

"Geuka, baba," alisema. "Nimelipokea."

Aligeuka. Alikuwa na kovu dogo juu ya jicho na miwani yake ilikuwa imeingia ukungu. Elina alimtazama usoni mpaka akatosheka, na haikumuuma hata kidogo.

Aliporudi Mungaa alizeti zilikuwa zimeshavunwa, na Kamati ya Kusoma Togo ilikuwa bado hai, kwa maana kamati za kwetu hazijui kufa. Ilikuwa inadai mrejesho. Kuku wawili walichinjwa, sala ikaombwa, na Elina akasimulia kila kitu kama kilivyokuwa, akaliweka jembe mezani. Wajumbe walilipokezana. Janeth aliandika mpaka kalamu ikaisha wino, akapewa mojawapo ya zile za Mwalimu.

"Soma tulipofikia," Mwalimu Yeremia akaagiza.

Janeth akasoma: "Mila za Togo. Moja, mwanamume wa Togo akimwona mama mkwe hukimbia na kujificha nyuma ya nguzo. Mbili, mahari ya Togo hukamilishwa kwa jembe."

"Hapana, Janeth," Elina akasema. "Si ya Togo hiyo. Ni yetu."

"Yetu?" Janeth aliinua kichwa, akawatazama wajumbe. "Mama, kwa heshima zote, mimi nimezaliwa hapa hapa Mungaa. Sijawahi kuiona."

Elina akamgeukia Mwalimu Yeremia, mtu mzima mwenzake, ambaye baba yake naye aliingia kwenye nyasi zile zile. Mwalimu alikuwa akichambua paja la kuku kwa makini sana. Juu ya kichwa chake, ukutani, ilining'inia picha ya kamati siku ya kuagana, na pale Mwalimu alikuwa amemshika bega mama mkwe wake, bibi kizee aliyekuja kuaga, wakicheka.

Simu ya Elina ikalia. Ilikuwa ya video. Hakuifunika. Uso wa Komlan ukatokea na mtoto begani, miwani imekaa upande, akaanza kusema "Shikamoo ma...", kisha akaona sebule imejaa wazee wa ukweni wasiohesabika, na katikati yao akina mama kadhaa ambao hakujua yupi kati yao naye ni mama mkwe wake. Akafunika uso kwa kiganja na kugeuka mgongo.

"Mnaona?" Mwalimu Yeremia akasema, akiunyoosha mfupa kuelekea kwenye simu. "Mnaona hao jamaa walivyo? Andika, Janeth, andika."

Elina akalichukua jembe lake mezani, akalipakata, akacheka mpaka machozi yakamtiririka, na Janeth akaandika.